Nta ya Jumanne

Inspekta Gunnvor Lysne aligusa tumbo la skii, ule ubao mrefu wa kutelezea juu ya theluji, kwa kidole gumba, na kidole kikanata.

Akakivuta. Kikabanduka na uzi mwekundu mwembamba, kama asali iliyogoma kukatika. Akagusa skii ya pili. Vilevile.

"Magne, njoo unishikie taa."

Konstebo Magne Sandvik aliacha kikombe chake cha kahawa juu ya boneti ya gari la polisi, akaja. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na bondeni hapa alikuwa amemaliza miwili tu. Iliyobaki yote aliila mjini Bergen, kwenye mvua.

"Unaona nini?"

"Skii mbili. Na gundi."

"Si gundi. Nta, ya kufanya skii zishike theluji."

"Kwetu kinachonata ni gundi."

"Kwenu mnajua miavuli, Magne."

"Ndiyo. Na sijawahi kuletewa maiti ya mwavuli."

Gunnvor alikuwa amekwisha kuirudia skii. Alikuwa ameinama, pua karibu na ile nta, anainusa. Harufu ya lami na utomvu wa msonobari. Jana yake, Alhamisi, skii hizo zilikuwa zimesimama ukutani katika gereji ya kituo, zikiwa na kikaratasi cha ushahidi, na yeye akazipita mara nne bila kuzigeuza. Mara nne! Binti aliyezaliwa katika bonde hili, ambaye kabla ya kujua kusoma alijua kupaka nta. Alijiona mjinga, akaendelea na kazi.

Skii zilikuwa za Oddny Brattli. Hapa hakuna mtoto asiyelijua jina hilo. Bingwa wa taifa mara kumi na moja, Kombe la Mfalme mara mbili, dhahabu mbili za dunia katika mbio za kupokezana. Dhahabu ya kwake peke yake ilimkimbia maisha yote. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na amelala kwenye droo ya chuma hospitalini.

Maelezo ya kaka yake, Asle, yalikuwa mafupi, yameandikwa Jumatano na kutiwa saini. Jumatano saa tatu asubuhi redio ilisoma majina ya timu ya taifa itakayokwenda mashindano ya dunia. Oddny akalisikia jina lake. Saa tatu na nusu akavaa skii, akatoka. Saa sita Asle akamfuata, akamkuta amekaa katika kile kibanda cha kukingia upepo juu ya kilima cha Kvernbakken, amekufa. Akapiga simu.

Daktari alisema ni moyo. Hakuna jeraha, hakuna alama ya mkono wa mtu. Kuhusu saa ya kifo, daktari aliinua mabega tu: mwili uliogandishwa hautoi siri ya saa. Lakini aliandika jambo moja pembeni: chini ya matiti palikuwa na alama ya mkanda, ule mkanda wa mpira ambao wanaskii hufunga kifuani ili saa ya mkononi ihesabu mapigo. Alama ilikuwapo. Mkanda haukuwapo. Saa haikuwapo.

Jambo hilo moja ndilo lililoizuia faili isifungwe. Na sasa hili la pili.

"Jumatano alfajiri ulipokuja kazini," Gunnvor alimuuliza Magne, "gari lako liliwaka?"

"Lilikohoa mara tatu. Baridi kumi na tatu chini ya sifuri. Nililitukana mpaka nikaona haya."

"Na theluji?"

"Mpya. Kavu kama unga. Nilifagia kioo kwa pumzi."

"Na Jumanne mchana?"

Magne akafikiri. "Jumanne paa lilikuwa linachuruzika. Nililowa soksi."

"Nyuzi mbili juu ya sifuri. Nimetazama daftari la kipimajoto cha shule." Gunnvor akaipiga skii kofi dogo. "Nta hii nyekundu, ya tyubu, ni ya theluji iliyolowa. Ni ya Jumanne. Ukiingia nayo kwenye theluji kavu ya Jumatano, hatua kumi hufiki. Theluji inakung'ang'ania chini ya mguu, unakuwa umevaa mawe. Sasa tazama. Kuna donge hapa?"

"Hakuna."

"Kuna chembe ya theluji kavu iliyogandia?"

"Sindano mbili za msonobari. Na punje za barafu kuukuu."

"Basi."

Magne alikuna kidevu. "Labda alikosea nta."

"Mpishi wa miaka thelathini anaweza kutia sukari kwenye supu ya samaki?"

"Akiwa na haraka..."

"Na hizi hakupaka yeye. Hupakiwa na kaka yake. Asle ndiye fundi wake wa nta tangu wakiwa watoto."

Magne akaishusha taa. "Kwa hiyo alitoka Jumanne mchana. Na kaka mtu anatwambia Jumatano asubuhi. Katikati hapo kuna usiku mzima, bosi."

"Usiku mzima," Gunnvor alisema, akajifuta kidole kwa kitambaa. Nta haikutoka.

*

Kocha Vidar Haugseth aliletwa saa nne. Tarishi wa barua alikuwa amesema aliliona gari lake uani kwa akina Brattli siku ya Jumanne, na kwamba sauti zilikuwa juu. Kocha alikuwa mtu mrefu, mwenye uso uliobabuliwa na jua la milimani, na aliingia akiwa tayari amekasirika.

"Nina wanaskii kumi na wawili wanalia hotelini," alisema kabla hajakaa. "Mmeniita niwaeleze nini?"

"Jumanne ulikwenda kwa Oddny."

"Nilikwenda."

"Mkagombana."

"Sisi tumegombana miaka kumi na minne. Ndiyo kazi yetu."

"Jumanne mligombania nini?"

Kocha akatazama dirisha. "Karatasi ya daktari. Kila mmoja katika timu alipimwa moyo Januari, baada ya ile homa iliyotupiga sote. Wote wamenipa majibu. Yeye, kila siku kesho. Nikamwambia, Oddny, leo ndiyo leo. Akasema nitakupa Alhamisi. Nikamwambia wewe ni mkaidi kuliko nyumbu. Akaniambia nyumbu hajawahi kuniletea medali."

"Na ukaliacha jina lake kwenye orodha."

"Ningelitoa vipi? Unalijua lile jina? Ungelitoa wewe?"

"Uliondoka saa ngapi?"

"Saa saba na nusu. Saa kumi nilikuwa kwenye kikao cha kuchagua timu, kilomita themanini kutoka hapa, na watu sita. Waulize. Mmoja wao alilala na kukoroma, huyo usimuulize."

Magne aliandika majina, akatoka kupiga simu. Gunnvor akainua sanduku kutoka sakafuni, akaliweka mezani. Ndani mlikuwa na madaftari ya mazoezi ya Oddny, ishirini na manne, jalada la kila moja na mwaka wake. La kwanza liliandikwa na mtoto wa miaka tisa: *Leo dakika arobaini. Nimeanguka mara mbili. Asle kaanguka mara tano.* Kila siku ya maisha yake ilikuwamo: saa alizokimbia, aina ya theluji, aina ya nta, na pembeni, kwa kalamu ya bluu, mapigo ya moyo aliyoyahesabu alfajiri kabla hajainuka kitandani.

"Nisomee hii safu," Gunnvor alisema, akisogeza daftari la mwisho.

Kocha alivaa miwani. "Thelathini na nane. Thelathini na saba. Thelathini na nane. Huo ndio moyo wake. Ng'ombe wa kulima, yule." Akafungua ukurasa. "Arobaini na nne. Arobaini na tisa..." Akafungua mwingine. Sauti ikashuka. "Hamsini na saba. Tarehe gani hii?"

"Jumapili iliyopita."

"Hamsini na saba akiwa kitandani?"

"Karatasi unayoitafuta alikuwa ameifanya alama ya kurasa." Gunnvor akaiweka mbele yake. Ilikuwa fupi. Homa imeshuka moyoni, msuli umevimba. Marufuku kukimbia, marufuku kuskii, miezi mitatu. Chini palikuwa na saini ya daktari, na saini ya Oddny kwamba amesomewa na ameelewa.

Kocha aliisoma mara moja. Akaivua miwani, akaishika tu mkononi.

"Na mimi nikamwita nyumbu," alisema.

Ile hasira aliyoingia nayo ilimtoka yote, akabaki mzee aliyekaa kwenye kiti cha polisi. Magne alirudi, akatikisa kichwa kidogo mlangoni: kikao kilikuwapo, kocha alikuwapo, mkoromaji kathibitishwa. Njia hiyo ilikuwa imekufa.

"Kocha, swali la mwisho. Asle alikuwa wapi ulipokuwa kule?"

"Wapi tena? Kwenye kibanda chake cha nta. Moshi unatoka." Alijikaza kusimama. "Usimguse yule kijana, Gunnvor. Toka yale mashindano hajawa sawa."

"Mashindano yapi?"

"Wewe ni wa hapa, unayajua. Miaka minne iliyopita, kilomita thelathini, theluji ikabadilika dakika ishirini kabla ya mbio. Asle akasema itakuwa baridi, ikawa joto. Oddny alisukuma skii zisizoshika kilima kilomita thelathini nzima na akashindwa kwa sehemu saba za kumi za sekunde. Saba za kumi! Mtu akipiga chafya dhahabu imekwenda. Na waandishi wakamzunguka, skii vipi, Oddny, skii vipi? Akawaambia, skii zilikuwa nzuri, miguu ndiyo ilikuwa mibovu. Nchi nzima ikajua anasema uongo. Asle alikuwa amesimama nyuma yake, kashika zile skii."

*

Uani kwa akina Brattli mlikuwa na nyumba mbili, kubwa ya watoto na ndogo ya mama. Kibanda cha nta kilikuwa kimejibanza katikati. Gunnvor alimwacha Magne garini. Hakuwa amefika mbali dirisha la nyumba ndogo lilipofunguka.

"Gunnvor wa Lysne! Una kofia?"

"Ninayo, mama."

"Haifuniki masikio hiyo." Aslaug Brattli, miaka sabini na minane, aliegemea kizingiti na sweta la sufu nyeusi lisilokwisha mkononi, sindano za kufumia zimechomekwa ndani yake. Macho yake yalikuwa makavu, ya mtu aliyemaliza. Nyuma yake redio kubwa ya zamani ilikuwa kimya, imewekewa picha ya Oddny. "Umekuja tena kwa Asle."

"Kidogo tu, mama."

"Hajala. Nimempelekea mkate na jibini, kaurudisha. Mwambie ale." Kisha akasema lile alilokuwa amelisema Jumatano na Alhamisi, kwa sauti ileile, kama mtu anayekagua kama ufunguo bado upo mfukoni. "Angalau alilisikia jina lake. Asle alinipigia simu, akaniambia, mama, kalisikia, kacheka, katoka. Nami nililisikia hapa hapa. La tatu kusomwa. Nikapiga makofi peke yangu kama mwehu. Angalau hilo Mungu alimpa."

"Funga dirisha, mama, utapata baridi," Gunnvor alisema.

*

Mlango wa kibanda haukufungwa. Asle Brattli alikaa kwenye kiti kirefu mbele ya meza ya kupakia nta. Pasi ya kuyeyushia nta ilikuwa baridi. Makopo na tyubu vilipangwa kwa rangi, kijani, bluu, zambarau, nyekundu, kama kwaya iliyosubiri kuambiwa iimbe. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, na tangu Jumatano alikuwa ameongeza kumi.

"Afande," alisema.

"Acha uafande. Tulikaa dawati moja."

"Ulikuwa unaninakilia hesabu."

"Na ulikuwa unakosea, nikakosea nawe."

Kidogo mdomo wake ukataka kutabasamu, ukashindwa.

Gunnvor hakukaa. Alitazama ukuta wa mbao nyuma yake. Tangu juu hadi kiunoni palikuwa na safu ya namba zilizoandikwa kwa penseli ya seremala, kila moja na tarehe. Katika nyumba nyingine wazazi huandika ukutani kimo cha mtoto. Kwa akina Brattli waliandika muda wa Kvernbakken: kutoka kijito mpaka kileleni, kilima kizima bila kusimama. Namba ya juu kabisa ilikuwa ya Oddny wa miaka tisa, dakika thelathini na moja na sekunde ishirini. Zikashuka, zikashuka. Ya mwisho ilikuwa dakika kumi na mbili na sekunde nne, miaka sita iliyopita. Chini yake mbao tupu.

"Jumatano ulimpakia nta gani?" Gunnvor aliuliza.

"Bluu. Ya kopo."

"Tabaka ngapi?"

"Tatu."

"Skii zake ninazo gereji. Zina nyekundu ya tyubu."

Asle alitazama zile tyubu nyekundu.

"Imepakwa vizuri mno, Asle. Nyembamba, sawa kila mahali, haikuvuka mstari hata kwa unene wa ukucha. Mtu mmoja tu bondeni hapa anapaka hivyo. Na mtu huyo hawezi kupaka nyekundu katika baridi kumi na tatu."

"Labda nilichanganyikiwa."

"Ulikosea mara moja maishani, na dunia nzima iliona. Hukurudia."

Alifumba macho kama aliyepigwa. Gunnvor aliona kwamba kisu kimeingia mahali pake, na hakukipenda, lakini hakukichomoa.

"Ulikuwa na muda wa kuzikwangua," alisema taratibu zaidi. "Kikwanguo hicho hapo. Dakika tano, unaondoa nyekundu, unaweka bluu, na mimi nisingejua mpaka kiama. Kwa nini hukuzikwangua?"

Asle alikitazama kikwanguo. Nje theluji iliporomoka kutoka kwenye paa, ikaanguka na kishindo cha gunia.

"Sikuweza," Asle alisema. "Zilikuwa ndizo skii bora nilizowahi kuzitengeneza. Alfajiri nilizishusha hapa, nikachukua kikwanguo. Nikakiweka juu ya nta. Mkono ukakataa."

"Niambie kuhusu Jumanne."

Akamwambia. Alizungumza akitazama mikono yake.

"Vidar alipoondoka, Oddny akaja hapa. Akasema, nipakie. Nikamwambia, daktari kasemaje? Nilikuwa najua, Gunnvor. Ni mimi tu niliyeisoma ile karatasi. Nikamwambia sipaki. Akakaa pale ulipo, akasema, mara moja tu, Asle, nataka kujua kama bado nimo. Nikisikia kifua kizito nitageuka, na kesho nitampigia Vidar alifute jina langu. Nikamwambia hapana. Akaninyamazia. Hakunikumbusha yale mashindano. Miaka minne, hata siku moja hakunikumbusha. Angenikumbusha ningemkatalia! Ningekasirika, ningemfukuza. Yeye kakaa tu, kanitazama. Basi nikawasha pasi."

"Akatoka saa ngapi?"

"Saa nane na kitu. Saa kumi na nusu giza likaanza, sikuona taa yake. Nikavaa skii. Saa kumi na moja nilimkuta juu kileleni, kalala kifudifudi kwenye njia. Fimbo bado zimefungwa mikononi."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa baridi."

"Theluji ilikuwa baridi. Nauliza, alikuwa hai?"

"Sijui!" Sauti ikapasuka. "Nilimpulizia, nikamkandamiza kifua mpaka mikono ikafa. Sijui, Gunnvor! Mimi ni fundi wa nta, si daktari. Nilimbeba nikamwingiza kwenye kile kibanda cha upepo, nikamkalisha, nikamfunika ngozi ya kulungu. Nikatoa simu nipige. Nikakumbuka kwamba kesho saa tatu wanasoma majina."

Asle aligusa mfuko wa koti.

"Wangejua Jumanne, wangesoma jina la mwingine. La kwake wangelisoma kwenye habari za msiba. Miaka ishirini na minne, madaftari ishirini na manne. Nikasema, moja tu. Lisomwe mara moja tena yeye akiwa mwanaskii. Mama alisikie. Nikairudisha simu mfukoni. Nikakaa naye mpaka alfajiri, theluji ikaanza kunyesha, nikashuka kuwasha taa za nyumba ili mama asishangae. Saa tatu nikasikiliza. La tatu. Halafu nikampigia mama, nikamwambia ule uongo. Halafu nikapanda tena na skii zake. Hayo ndiyo yote. Niandikie."

"Si yote. Saa yake iko wapi?"

Asle akalitupia jicho sanduku la nta nyekundu, uso umejaa hofu.

"Ulimvua saa na mkanda. Nilidhani ulificha kwa sababu saa inaonyesha siku. Ungeweza kuitupa mtoni. Hukuitupa."

"Sijaitazama," alisema. "Nilifumba macho nikabonyeza isimame, nikaivua. Kama inasema moyo ulikuwa unapiga... kama nilikuwa nimekaa naye pale, simu mfukoni, na moyo unapiga... Usinisomee. Nichukue, nifunge, lakini usinisomee."

"Iko wapi, Asle?"

Alinyoosha mkono, akafungua sanduku la nta nyekundu. Saa ilikuwa chini ya tyubu, imefungwa ndani ya leso.

Gunnvor alikwenda nayo dirishani kwenye mwanga. Saa za namna hii alizijua. Bondeni hapa kila mtu anayo, hata mchungaji. Akabonyeza. Jumanne. Imeanza saa nane na dakika tano mchana. Mstari wa moyo ulipanda na kilima: mia moja hamsini, mia sabini, mia themanini na tisa. Saa nane na dakika thelathini na moja mstari ulitetemeka kama maandishi ya mtu anayeandika garini, kisha ukalala chini. Haukuinuka tena. Saa yenyewe iliendelea kuhesabu dakika, kwa utiifu wote, bila moyo wa kuhesabu, mpaka saa kumi na moja na dakika tisa, mtu alipobonyeza kwa macho yaliyofumbwa.

Akaisoma mara tatu, ili asikosee.

"Asle. Nisikilize. Alikufa saa nane na nusu. Wewe ulikuwa hapa unasafisha pasi. Ulipofika kileleni alikuwa amekwenda saa mbili unusu zilizopita. Hakuna simu ambayo ingemrudisha."

Aliinamisha kichwa mpaka mezani, kati ya makopo. Mabega yalitikisika lakini sauti haikutoka. Gunnvor alimtazama mtu huyo akipewa msamaha na kunyimwa palepale, maana wote wawili walikuwa wakijua nani alizipaka zile skii. Maelezo ya uongo mbele ya polisi yangekuwa na adhabu yake. Kwa lile jingine, la skii, sheria haikuwa na kifungu.

Alipoinua uso aliuliza kitu ambacho Gunnvor hakukitarajia.

"Kilima alikipanda kwa muda gani?"

Gunnvor akabonyeza tena. Akatafuta kijito, akatafuta kilele. Akatazama ukuta, akatazama saa.

"Kumi na moja, arobaini na nane."

"Sema tena."

"Dakika kumi na moja na sekunde arobaini na nane."

"Sekunde kumi na sita," Asle alisema. "Kaivunja kwa sekunde kumi na sita." Akamgeukia, macho mekundu. "Basi zilikuwa nzuri. Skii zilikuwa nzuri?"

Hilo lilikuwa swali la waandishi wa habari, lile lile, miaka minne baadaye. Gunnvor alitamani mtu mwingine amjibu.

"Zilikuwa nzuri," alisema.

Asle akachukua penseli ya seremala kutoka nyuma ya sikio, akasimama mbele ya ukuta. Aliandika namba polepole, kwa mkono uliotulia wa fundi. Akasita.

"Andika na tarehe," Gunnvor alisema.

Akaiandika. Ya Jumanne.

*

Gunnvor alivuka ua kwa miguu ya mtu anayepanda kilima. Mama Aslaug alikuwa amekwisha kufungua mlango kabla hajabisha, na mezani kahawa ilikuwa imemiminwa vikombe viwili.

"Kaa."

"Nitasimama, mama."

"Ni baya hivyo." Mama alikaa yeye, akalichukua lile sweta, akaanza kufuma. Kitambo sindano tu ndizo zilizosema. "Nakuuliza moja. Mengine utayaandika kwenye karatasi zako. Alilisikia jina lake?"

Gunnvor aliutazama ule uso. Miaka kumi na miwili ya kazi, ameshagonga milango mingi na habari mbaya, na kila mara maneno alikuwa nayo.

"Hapana, mama."

Sindano zikasimama.

"Lini?"

"Jumanne. Saa nane na nusu, mchana. Ghafla. Juu ya kilima."

Mama Aslaug aligeuza macho kwenye redio, kwenye picha juu yake. Midomo ilitembea kidogo, kama anayehesabu: Jumanne saa nane na nusu, Jumatano saa tatu. Saa ambazo alikuwa na binti na hakuwa naye. Makofi aliyoyapiga peke yake jikoni.

"Na usiku ule?" aliuliza mwishowe. "Usiku ule wa baridi. Alikuwa huko juu peke yake?"

"Hapana. Asle alikaa naye. Mpaka alfajiri."

"Bila moto?"

"Bila moto."

Mama akatikisa kichwa, mara moja, mara mbili. Kisha akalinyanyua sweta kwenye mwanga. Sasa Gunnvor aliona kwamba lilikuwa jembamba mabegani, limepimiwa mwili wa mwanamke, na kifuani, chini ya mstari mweupe, palianza kufumwa herufi za jina la timu. Mama akachomoa sindano moja. Akachomoa ya pili. Akakamata ncha ya uzi, akavuta, na safu ya kwanza ikafumuka.

"Mwambie Asle asiondoke nawe kabla ya jioni," alisema, akiukunja uzi kwenye vidole. "Yeye ni mpana wa mabega, kulifuma upya kutanichukua muda. Na huyo tangu utotoni, akiona baridi hasemi."